Ndongoro wa Chumba cha Mbele

Baba alilazimika kung'oa mlango ndipo ndongoro apite. Alimleta kwa mkokoteni kutoka mjini, amemfunika shuka ya kitanda chetu, na masikio mawili makubwa yalikuwa yameisukuma shuka juu hivi kwamba mtaa mzima wa Majengo ulijua kuna mnyama chini yake. Watoto walimfuata kutoka msikitini hadi kwetu. Mama alisimama mlangoni na mikono yenye unga, akatazama, akasema, "Hapana. Hiyo kitu iko na macho. Hailali kwa nyumba yangu."  Baba alikuwa ameshika bisibisi, anafungua bawaba.

Ilikuwa miaka ya sabini ikielekea kwisha. Serikali ilikuwa imepiga marufuku uwindaji, kisha ikafunga maduka ya pembe na ngozi, na kiwanda ambacho Baba alikifanyia kazi tangu kabla sijazaliwa kikafungwa nacho. Kilikuwa kiwanda kidogo cha Mzungu mmoja, nyuma ya gereji. Wawindaji walileta ngozi zilizotiwa chumvi, na baada ya miezi wakarudishiwa wanyama waliosimama. Ndani ya mnyama mlikuwa na mbao, waya, nyasi kavu na plasta. Nje ilikuwa ngozi yake mwenyewe, imeshonwa kwa mshono ambao huwezi kuuona hata ukiutafuta. Watu wa mjini walimwita Baba daktari wa maiti, naye akicheka. Mzungu alipofunga virago alimwachia ndongoro yule kwa sababu mwindaji aliyempiga risasi alikuwa amesharudi kwao na hakuna aliyekuja kumchukua.

Vitabuni ndongoro huitwa bongo. Ni mnyama wa jamii ya kulungu, yule wetu alikuwa jike changa, mkubwa kama mtamba, mwekundu kama udongo wa Nyeri ukinyeshewa, na mistari myembamba myeupe ikishuka ubavuni. Pembe zimejisokota mara moja na ncha zake ni za manjano. Anaishi ndani kabisa kwenye mianzi, na uoga wake haumithiliki. Sisi tuliozaliwa katikati ya Mlima Kenya na Nyandarua, tukiamka kila siku tunautazama msitu wake, hatukuwahi kumwona hai. Hata Baba, aliyeujua mwili wake mpaka ndani ya pua, hakuwahi. Siku hizi nasikia wamebaki wachache sana huko juu, na wajukuu wangu wamepelekwa na shule yao kuwatazama wakilishwa ndani ya ua. Mimi sikwenda. Niliulizwa kwa nini, nikasema miguu inaniuma.

Wateja wa kiwanda walitaka wanyama wao wasimame kwa kiburi, kichwa juu, kana kwamba walikuwa wamejiandaa kupigana na bunduki. Huyu hakuwa na mteja wa kumngoja, kwa hiyo Baba alimtengeneza alivyotaka mwenyewe. Alikwenda kumuuliza mzee mmoja aliyekuwa akiwaongoza wawindaji msituni, naye akamweleza ndongoro anavyofanya akihisi mtu. Basi Baba akamshusha kichwa kidogo, akamwinua mguu mmoja wa mbele, na masikio akayageuza kila moja upande wake. Ukiingia chumba cha mbele ungedhani umemkatiza akisikiliza kitu, na wewe mwenyewe ukajikuta umenyamaza. Baba alipenda sana kuwaona wageni wakinyamaza. Alikuwa amefanya kazi ile miaka mingi kwa ajili ya watu waliobeba kazi yake wakaenda nayo ng'ambo, na ndongoro huyu ndicho kitu pekee kilichobaki kuonyesha kwamba alikuwa mtu fulani.

Tulikuwa na vyumba viwili tu, na ndongoro alikula nusu ya kimoja. Wageni walikunywa chai chini ya kidevu chake. Jirani yetu, mama mmoja Mwislamu aliyeuza mandazi, alisimama nje akasema malaika hawaingii nyumba yenye sanamu ya kiumbe, halafu akauliza kama alichinjwa vizuri. Baba akamwambia alichinjwa kwa risasi na Mkatoliki. Walicheka wote wawili. Mama hakucheka. Alikuwa amelelewa upande wa Kutus na mama yake, na huko walikokulia, ndongoro hakuwa mnyama wa mzaha. Wazee wao walikuwa wakisema anayemla au kumgusa ataanguka na kutetemeka kama mnyama mwenyewe anavyotetemeka akifa. Mama alikuwa mtu wa kanisa, Jumapili hakosi, lakini kuna mambo ambayo mtu hayaachi kwa sababu tu amebatizwa. Alifagia chumba kile akizunguka kwato, asiziguse.

Mdogo wangu wa kike ndiye aliyemgusa. Alikuwa na miaka saba hivi, mtoto wa maneno mengi, na tangu siku ya kwanza alimchukua ndongoro kama ndugu. Baba alimpa brashi kuukuu ya viatu na kazi ya kumpangusa vumbi. Akitoka shule alikwenda moja kwa moja kwake, akapanda kigoda, akaanza kumpangusa masikio huku akimsimulia mwalimu alivyomchapa nani na kwa nini. Alikuwa akimwinamia, mdomo karibu na sikio, kwa kuwa alisema mnyama mwoga hapigiwi kelele. Mama alikuwa akimwita kutoka jikoni, na mtoto akijifanya hasikii.

Miezi michache baadaye akaanguka. Alikuwa uani, anaruka kamba na wenzake, na kamba ikampita akiwa amesimama tu, macho yamegeuka. Halafu akaanguka chini akaanza kutetemeka, povu likimtoka. Mama alitoka jikoni mbio, akamwona, na wala hakuuliza ni nini. Aliangalia mlango wa chumba cha mbele.

Baba alimbeba hadi hospitali kubwa. Huko wakaambiwa ni kifafa, tena si ajabu, kinawapata watoto wengi, wakapewa vidonge vidogo vyeupe vya kumeza kila jioni. Wiki hizo zote niliwasikia wazazi wangu wakibishana kwa sauti za chini. Baba alisema, "Mtoto ni mgonjwa, na ugonjwa iko na dawa. Mambo ya wazee wacha ikae huko kwa wazee." Mama alisema, "Na hiyo kitu yako nayo si ikae huko kwake?" Mtoto akaanguka tena, mara hii shuleni, akapasuka mdomo. Baba akamrudisha hospitali, na sista, muuguzi wa wodi, mama mnene aliyesema na watu kama anawagombeza, akaongeza kidonge kingine. Nilikuwepo. Alimshika Baba mkono akamwambia, "Mzee, hii si dawa ya homa ati ukipona unaacha. Atakunywa hata akiwa mzima. Msiikate ghafla, mtoto ataharibika. Umesikia?" Baba akasema amesikia.

Wiki hiyohiyo mama yake Mama akaja kutoka Kutus. Sisi watoto tulimwita Cucu, kama watoto wote wa kwetu wanavyomwita nyanya.

Hapa lazima nieleze heshima ya ukwe, maana bila hiyo hakuna la kueleweka. Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawazoeani. Hawaangaliani usoni, hawali pamoja, mama mkwe haingii nyumba ambayo mkwe wake analala, na zaidi ya yote mwanamume habishani na mama aliyemzalia mke. Baba angeweza kumbishia mchungaji, chifu, na Mzungu wake, na aliwabishia wote. Lakini si Cucu. Siku ile Cucu aliketi nje kwenye kigoda, chini ya ukingo wa bati, mgongo ameuelekeza mlangoni. Baba alikaa ndani karibu na ndongoro wake, naye amegeukia ukuta. Mimi nilisimamishwa kizingitini katikati yao nipeleke maneno, ingawa kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri kabisa.

"Mwambie baba yako," Cucu alisema, "mimi sikukuja kumfundisha nyumba yake. Nimekuja kwa sababu ya mtoto. Hiyo mnyama haikai na watu. Hata ikiwa hai haitaki watu, sembuse imekufa."

Nikamwambia Baba, na Baba akauambia ukuta, "Muulize Cucu wako. Mimi nimewashika hawa miaka yote, na mikono yangu. Mbona mimi sijaanguka?"

Cucu akasema, "Mwambie thahu haina haraka. Ikikosa mkubwa, inashika mdogo wake."

Thahu ni uchafu unaompata mtu kwa kuvunja mwiko, na mtu akishaambiwa kwamba amemwambukiza mtoto wake, aseme nini? Nilimtazama Baba nikingoja ajibu. Nilijua anayo majibu, nilikuwa nimeyasikia usiku kupitia pazia: vidonge, sista, hospitali. Aliyameza yote. Kumjibu Cucu mara ya pili kungekuwa matusi, na habari zingefika Kutus kabla ya jioni. Mama alikuwa amesimama jikoni amefunga mikono, anamwangalia. Na mdogo wangu, mdomo umevimba, alikuwa ameegemea paja la ndongoro.

"Mwambie nimesikia," Baba akasema. Kwetu, hiyo ni ndiyo.

Akakataa mtu mwingine amguse ndongoro. Kesho yake alimtoa uani, akaketi chini na kisu chake kidogo cha kazi, akaanza kumfumua. Hakumkata. Alitafuta ule mshono wa tumboni ambao hakuna mwingine angeuona, akaufumua uzi baada ya uzi, polepole, kwa uangalifu uleule aliomshonea. Majirani walisimama kutazama. Mdogo wangu alilia mpaka akapata kwikwi. Akauliza, "Baba, anaumia?" Baba akasema, "Hapana. Huyu aliumia zamani." Ngozi ilipotoka, palibaki mbao na waya na nyasi, na ilionekana ni kitu kidogo sana kilichokuwa kimetuletea maneno yote yale. Alivibeba pamoja na ngozi hadi mtoni akavichoma. Manyoya yalinuka hadi barabarani. Huku nyumbani, Cucu akasimamia kuchinjwa kwa kondoo dume, na tatha, yale majani yaliyosagwa nusu tumboni mwa kondoo, yakanyunyizwa mlangoni na uani na kichwani kwa mtoto. Baba alikuwa mzee wa kanisa, kwa hiyo alikaa mtoni mpaka mambo hayo yakaisha.

Mtoto hakuanguka tena. Mwezi wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Mdomo ukapona, akarudi kuruka kamba. Mama alimshukuru Mungu, akamshukuru Cucu, na kila jioni akampa vidonge vyake viwili na kikombe cha uji. Mama hakuona kuna shida yoyote ya kuwa na vyote viwili. Aliamini tatha na aliamini vidonge, na kama kungekuwa na kitu cha tatu angekiamini pia, mradi mtoto asimame wima. Nilipokuwa msichana nilimwona mjinga. Leo naona kwamba ndiye aliyekuwa na akili katika nyumba ile.

Aliyebadilika alikuwa Baba. Alikuwa amepata kibarua kwa fundi mmoja wa viti huko Skuta, akijaza makochi sponji na nyasi, na alirudi nyumbani jioni. Alikaa chumba cha mbele, ambacho sasa kilikuwa kikubwa mno, akautazama ukuta. Halafu siku moja nikamsikia akimwambia mgeni, "Tangu nimtoe yule mnyama, mtoto hajaanguka hata mara moja." Nilishtuka, maana sikuwahi kumsikia akisema hivyo. Wiki iliyofuata alimwambia mwingine. Kila alipoyasema, maneno yalitoka yakiwa na nguvu zaidi. Mwishowe alisimama kanisani wakati wa ushuhuda, akaeleza jinsi alivyokuwa na sanamu nyumbani mwake aliyoipenda kupita kiasi, na jinsi alivyoichoma kwa mkono wake, na Mungu akamponya mtoto. Watu walipiga makofi. Mchungaji alimkumbatia. Mimi nilikuwa nimekaa na wanawake, nikamwona Baba analia, na nilimwonea huruma sana hata sikuona hatari iliyokuwa mbele yetu.

Vidonge vilimfanya mdogo wangu mzito. Yule mtoto wa maneno mengi alianza kusinzia darasani, na mwalimu akatuma ujumbe nyumbani kwamba analala kama mzee. Mama akasema atamwuliza sista siku ya kliniki kama vinaweza kupunguzwa. Baba akasema hakuna haja ya kumwuliza mtu.

"Huyu mtoto amepona," akasema. "Hiyo dawa ndiyo inamlaza sasa. Toa."

"Sista alisema tusikate," Mama akamwambia.

"Sista alisema hivyo kabla tutoe mnyama. Kama tuliamini, tuliamini. Hatuwezi kuamini nusu."

"Baba watoto, wacha amalize tu hii chupa."

Hapo Baba akainuka. Hakuwa mtu wa kupaza sauti kwa Mama, lakini siku ile alipaza. "Kama ni dawa ndiyo ilimponya, basi mimi nilimchoma mnyama bure! Unataka kuniambia nilimchoma bure?"

 Mimi, msichana wa shule, niliinamia daftari langu. Mama alimtazama, na naamini ndipo alipoelewa alichokuwa amemwomba mumewe siku aliyokuja Cucu, na ukubwa wa kitu alichompokonya. Nadhani ni huruma iliyomfanya anyamaze. Alichukua chupa akaiweka juu ya kabati, nyuma ya sinia za harusi. Ninachukia huruma ile kuliko ninavyoichukia hasira ya Baba. Wiki nzima mtoto alikuwa mchangamfu, anaimba, anajibu watu, na Baba alimnyooshea kidole akimwambia Mama, "Unaona? Unaona sasa?" Sote tuliona.

Jumapili asubuhi nilikuwa namsuka tayari kwa kanisa. Alikuwa amekaa chini, katikati ya magoti yangu, analalamika kwamba navuta nywele. Akaacha kulalamika. Nikahisi kichwa kimekuwa kigumu mikononi mwangu, kisha kikaanza kupiga magoti yangu, huku na huku, kwa nguvu ambayo sikujua mtoto anaweza kuwa nayo. Tulingoja kifafa kiishe, kama vingine vilivyokuwa vikiisha. Kilipungua kidogo, na kabla hajafungua macho kikaanza kingine. Na kingine. Baba akampakata akakimbia naye mlima wote hadi hospitali, na viatu vyake vya kanisani, na sisi nyuma yake, na mtoto katika mikono yake bado alikuwa anatetemeka.

Walimpiga sindano. Wakampiga nyingine. Sista yuleyule mnene alitoka nyuma ya pazia jasho likimtiririka, akatutazama wote watatu, akamwuliza Baba, "Vidonge mliacha lini?"

Baba akasema, "Tulimtoa mnyama, sista."

"Nakuuliza vidonge, mzee."

"Tulimchoma. Mimi mwenyewe nilimfumua, nikamchoma."

"Mnyama gani?" sista akauliza, akamgeukia Mama, akanigeukia mimi. "Anasema mnyama gani?"

Mama alifunika uso kwa kitambaa. Sista hakungoja jibu, alirudi nyuma ya pazia. Mdogo wangu alikufa pale kabla ya watu kutoka kanisani, kichwa chake nusu kimesukwa na nusu hakijasukwa, na nilipoomba nimalizie waliniambia nisubiri, halafu wakamfunika.

Watu wengi walikuja kuzika. Cucu alikuja akasimama mbali, akalia kimya. Hakumlaumu mtu wala hakuna aliyemlaumu, kwa sababu kwa hesabu yake thahu ilikuwa imekwisha na huu ulikuwa ugonjwa mwingine. Kanisani walisema ni mapenzi ya Mungu. Kila mtu alikuwa na mahali pa kuweka kifo kile, isipokuwa sisi wa nyumbani. Nimezeeka sasa na bado sina. Nikimkasirikia Cucu namwona mwanamke aliyepanda gari kutoka Kutus kwa ajili ya mjukuu wake. Nikimkasirikia Baba namwona ameketi uani na kisu, anafumua. Hasira inazunguka na kurudi kwangu kama ilivyotoka.

Wageni walipokwisha kuondoka, Mama alimwendea Baba chumba cha mbele akasimama mbele yake. Hakuwa analia tena.

"Mimi niliogopa tu," akamwambia. "Mimi ni mtu wa kuogopa, unanijua. Lakini wewe ulikuwa unajua ni ugonjwa tu. Kwa nini ulinisikiza?"

 Mama alisimama pale akingoja. Alingoja siku ile na akaendelea kungoja, akimpikia, akimfulia, akienda naye kanisani, miaka yote waliyobaki pamoja, na alizikwa akiwa hajajibiwa.